Niifunge kabisa gereji ya uani ili chumvi isiingie?

"Assalam aleikum mtaalamu. Nyumba yangu iko Kisauni, si mbali na bahari, na uani nina nafasi ya mita 8 kwa 12. Pembeni mwa nyumba kuna njia ya futi 9 ambayo gari hupita. Nina Probox iliyoanza kushika kutu chini ya milango. Nataka kuijengea gereji huko nyuma, na humo humo nifanyie kazi zangu ndogondogo za ufundi wikendi. Nia yangu ni chumba cha mawe kilichofungwa kabisa, bila dirisha, na mlango wa shata ya chuma, ili upepo wa chumvi usiingie. Fundi amenipa bei nzuri: slabu ya inchi 3 bila chuma, maji ya kisima changu, mchanga wa ufuoni atakaouleta mwenyewe, na shimo la kuingia chini ya gari. Kisima kina chumvi kidogo lakini tunaogea. Je, niko sawa? Na nianze sasa au ningoje masika yapite?"

Waaleikum salaam. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja lakini mzizi wake ni mmoja: unaogopa chumvi. Kwa mtu wa Kisauni hofu hiyo ina haki yake. Shida ni kwamba mpango wako unaifungia chumvi mlango kisha unaikaribisha kwenye zege, kwenye chuma na kwenye hewa ya chumba chenyewe. Katika yote uliyoandika, jambo moja tu ningeliacha lilivyo, nalo ni kuta za mawe. Mengine tuyapitie, tukianza na lililo kubwa.

Chumba kisicho na tundu hakitalikinga gari, kitalizidishia kutu. Tazama kikopo cha chumvi jikoni kwako. Miezi ya mvua chumvi inalowa na kugandamana ingawa hakuna aliyetia tone la maji, ndiyo maana watu hutia punje za mchele ndani. Chumvi ya mezani hunyonya unyevu hewani hadi ikayeyuka pale unyevunyevu unapofika asilimia 75 hivi, na Mombasa kiwango hicho ni cha kila siku, hasa usiku. Chumvi ya bahari imezidi, kwa kuwa ina madini ya magnesiamu yanayovuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Sasa gari lako linaporudi jioni, chumvi hiyo imeshajibandika chini ya bodi, kwenye maungio ya milango na ndani ya matao ya magurudumu. Likilala nje, jua la saa nne na upepo vinalikausha. Likilala ndani ya boksi la mawe, maji yaliyoingia nalo hayana pa kutokea. Sakafu nayo inatoa mvuke, kuta zinatoa mvuke, mchana bati linapika chumba, usiku kinapoa na umande unajikusanya pale pale kwenye kingo za chini za milango ulikoanza kuona kutu. Chuma kilicholowa saa 20 kwa siku huliwa haraka kuliko kilicholowa saa sita.

Hata hivyo kuna kiasi cha ukweli katika wazo lako. Rasharasha za bahari zinazobebwa na upepo wa kusi ni za kweli, na gari lililo wazi upande huo hupakwa chumvi mpya kila siku. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuukatiza upepo upande mmoja na kuuacha upite kwingine.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kivuli tu: nguzo, mapau, bati. Kama shida ingekuwa kutu peke yake, ningekwambia jenga hicho ulale, maana ni nafuu na gari hukauka. Lakini hakikupi mahali pa kufungia vyombo vya kazi. Ya pili ni chumba ulichokitaja, ambacho nimeshakikataa. Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: banda la gari lenye kuta zinazopitisha hewa, na nyuma yake stoo ndogo iliyofungwa vizuri kwa ajili ya vyombo. Gari lipumue, vyombo vifungiwe. Kwa uwanja wako, banda liwe mita 4.2 kwa 6.5 ndani, na stoo mita 4.2 kwa 1.8 nyuma yake. Probox ina upana wa kama mita 1.7, kwa hiyo utafungua milango ya pande zote mbili na bado upate sentimita 60 za meza ya kazi ukutani. Watu wengi hujenga mita 3 kwa 5 wakidhani wamebana matumizi, kisha wanashindwa kutoka ndani ya gari.

Liweke banda katika mstari mmoja na ile njia ya futi 9, gari liingie moja kwa moja. Ukilikalisha kando utahitaji kukata kona uani, na mita 8 hazitoshi kugeuza gari kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kupiga kamba, tafuta tangi la maji taka na shimo lake la kufyonzea viko wapi. Nyumba nyingi za Mombasa zina vitu hivyo nyuma, na kifuniko kilichojengwa kubeba watu hakikujengwa kubeba gari la zaidi ya tani moja. Msingi usipite juu yake wala gurudumu lisipite, na lori la kunyonya libaki na njia ya kufikia. Ukiwa na mnazi karibu, pima pale nazi zinapoangukia, si pale shina liliposimama.

Sasa maji na mchanga. Hapa fundi wako amekosea sana, na kosa lenyewe halitaonekana mwaka huu. Chuma ndani ya zege nzuri hakishiki kutu kwa sababu simiti ina ukali wa aina ya magadi, na ukali huo hukivika chuma ngozi nyembamba inayokilinda. Chumvi huitoboa ngozi hiyo. Kutu ikianza inafura, inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege inapasuka kutoka ndani. Zile nguzo za baraza unazoziona zimebanduka vipande na nondo nyekundu zinachungulia ndiyo hadithi hiyo. Maji "yenye chumvi kidogo" ya kuogea hayana neno mwilini, lakini kwenye zege yenye nondo hayafai, na hayafai pia kuimwagilia ikikauka. Nunua maji matamu ya boza (lori la maji) au vuna ya mvua. Mchanga wa ufuoni uukatae kabisa: una chumvi, punje zake ni za saizi moja zisizoshikana vizuri, na kuuchota bila ruhusa ni kosa kisheria. Agiza wa mto. Ukifika, tia mchanga hadi nusu ya chupa ya glasi, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache saa tatu. Tope litakalolala juu likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya kimo cha mchanga, uoshwe au urudishwe.

Mawe ya matumbawe yenyewe hayana neno. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mawe hayo na chokaa, na kuta bado zimesimama kwa kuwa hamna nondo ndani yake ya kuoza. Ugomvi wa chumvi ni na chuma.

Slabu ya inchi 3 bila chuma ni ya baraza. Gari likisimama juu ya jeki, nusu ya uzito wa mbele inakaa kwenye kipande cha sakafu kisichozidi sahani ya chai. Weka milimita 125, yaani inchi 5. Chini yake ondoa udongo mweusi na mizizi yote, shindilia hadikoo (mawe ya kujazia) sentimita 30 kwa matabaka mawili ya 15 (ukiijaza yote kwa mara moja, mashine inashindilia juu tu na chini inabaki tupu), kisha sentimita 5 za vumbi la mawe ili ncha zisitoboe nailoni. Nyunyiza dawa ya mchwa hapo, halafu tandaza nailoni ya geji 1000, vipande vipandiane sentimita 30. Usiwaache vibarua waikanyage na kuitoboa. Tundu moja tu linatosha kupitisha unyevu na mchwa.

Juu ya nailoni inakuja BRC A142, yaani wavu wa chuma wenye waya wa milimita 6 kila sentimita 20. Ukipata roli la upana wa mita 2.1, vipande viwili vya mita 8.2 vinatosha sakafu nzima, vikipandiana sentimita 20 katikati. Na hapa simama mwenyewe uangalie. Mafundi wengi huutandaza wavu juu ya nailoni, humwaga zege, kisha huuvuta kwa ndoano ati upande juu. Haupandi. Ukikanyagwa mara moja unarudi chini, na huko chini haukusaidii chochote, kwa sababu nyufa za kukauka huanzia juu. Ukae sentimita 4 hadi 5 kutoka uso wa slabu, umeshikiliwa na vijiwe vya zege au viti vya waya kabla ya karai la kwanza kumwagwa.

Mchanganyiko ni 1:2:4. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, hivyo kwa debe la lita 20 kila mfuko unataka madebe matatu na nusu ya mchanga na madebe saba ya kokoto. Koleo si kipimo. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, yaani debe moja na robo, na mchanga ukiwa umelowa na mvua uyapunguze. Kibarua atapenda kuongeza ili zege iteleze kirahisi. Kila ndoo ya ziada ikikauka inaacha vinjia vidogo ambavyo chumvi itavitumia. Kwa mita 4.2 kwa 8.3 utahitaji zege mita za ujazo 4.6 pamoja na itakayopotea: mifuko 30 ya simiti ya daraja la 42.5, mchanga kama tani 3.5 na kokoto kama tani 6.5. Simiti ya 32.5 iache kwa kujengea na plasta. Usiinunue mapema, maana kwa hewa yetu mfuko unaanza kuganda kwenye pembe baada ya wiki chache. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta.

Sakafu ya banda iteremke kuelekea mlangoni sentimita 8 katika zile mita 6.5, na kizingiti kiwe sentimita 15 juu ya ardhi ya uani, chenye mteremko wa mita moja na nusu kwa nje. Kata mfuo wa kina cha sentimita 3 katikati ya banda, kutoka ukuta hadi ukuta, siku ile ile zege inaposhika. Slabu itapasuka tu. Wewe unaichagulia mahali. Kisha magunia yaliyoloweshwa maji matamu kwa siku zisizopungua 10, kutwa kucha. Joto la Mombasa hunyonya maji kwenye uso wa zege kabla simiti haijamaliza kazi yake, na matokeo ni sakafu inayotoa vumbi kila ukifagia. Gari liingie baada ya siku 28.

Kuhusu shimo, jibu langu ni hapana. Kisima chako kinakwambia maji yako karibu. Katika miamba ya matumbawe maji ya chini hupanda na kushuka yakifuata bahari, na bahari ya Mombasa wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hutofautiana zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Shimo kavu leo linaweza kuwa bwawa mwezi ukiandama. Kama bado una shaka, chimba tundu la mita 1.8 ulitazame siku mbili za bamvua. Lakini hata likikaa kavu, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatiririka na kulala ndani ya shimo, na taa moja mbovu inatosha kuuwasha. Gesi ya mofla nayo hutuama humo. Kwa kazi za wikendi, ngazi mbili za chuma za kupandishia magurudumu na stendi nne zinafanya kila kitu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kutazama oili.

Msingi wa kuta, kwa ardhi ya mchanga juu ya mwamba kama ya upande wenu, huwa upana wa sentimita 60 na zege ya sentimita 20, ukichimba hadi ufike palipo pagumu. Usikubali kimo cha kukisia. Wenzako wa Changamwe na Miritini wenye udongo wa mfinyanzi wasiige vipimo hivi, kwao udongo hufura na kunywea na lazima mhandisi aone. Juu ya msingi, kabla ya ukuta kupanda, weka tabaka la karatasi ya lami, kwani tumbawe hunyonya maji kama sponji.

Ukuta wa upande wa kusi ujengwe mzima. Pande nyingine jenga mita moja, kisha matofali ya matundu hadi juu, na acha safu moja ya matundu chini kabisa karibu na sakafu, maana mvuke wa petroli hautapanda kutafuta dirisha. Wavu mdogo wa ndani utazuia panya na mbu. Usinitegemee mimi kujua upepo wa uani kwako: majengo ya jirani huugeuza. Funga kitambaa kwenye ufito, kiache wiki, ukiangalie asubuhi na alasiri. Plasta ikiwa ya simiti kali hubanduka kwenye tumbawe. Tumia simiti 1, chokaa 1, mchanga 6, umalizie kwa niru au rangi ya maji. Rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani ya jiwe nayo hufura malengelenge.

Juu ya kuta upite mkanda wa zege wenye nondo, ule wanaouita ringi bimu, na nondo zifunikwe na zege inchi 2 kila upande. Linta ya juu ya mlango wa mita 2.7 ichorwe na mhandisi. Ni karatasi ya nusu saa kwake, na ni sehemu ya jengo hili inayoweza kukuangukia.

Mapau yafungwe kwenye mkanda kwa vibamba vya chuma vilivyochovywa kwenye zinki ya moto, si kwa misumari miwili tu, kwa kuwa banda lenye matundu huupokea upepo kwa ndani na bati hunyanyuliwa. Chukua bati la geji 28 lenye mipako ya alumini na zinki. Skrubu zenye raba zipigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde yanakopita maji. Simiti mbichi ikidondokea bati iondolewe papo hapo, inakula mipako. Mbao ziwe zimetiwa dawa. Bati lichomoze sentimita 60 nje ya kuta, liwe na mfereji, na mfereji uingie kwenye tangi. Paa la mita za mraba kama 55 likipata milimita 10 za mvua hukupa karibu lita 500, na maji hayo matamu ndiyo dawa ya gari lako, nitakuja huko. Tazama mfereji mara mbili kwa mwaka. Kunguru wetu hujenga viota kwa vipande vya waya, na kimoja kikiziba kinywa cha bomba maji yote yanashukia ukutani.

Shata ya kukunja siipendi karibu na bahari. Springi na reli zake ni vyuma vyembamba vilivyofichwa usivyoweza kupaka rangi, na siku ikikwama gari liko ndani. Milango miwili ya kufungua kwa nje, fremu ya chuma na vibao vya mbao vilivyolala kama luva, inafungika vizuri na hewa inapita. Lakini angalia fremu. Mrija wa mraba huanza kuoza kwa ndani kwenye ule upande wa chini kabisa: mchomeleaji huacha kitundu kidogo pembeni, maji ya mvua yanaingia, hayatoki, na baada ya misimu kadhaa unaona rangi imefura kama kitumbua. Ukibonyeza kwa kidole, kinazama. Agiza kila maungio yachomelewe mzunguko mzima, upande wa chini utobolewe matundu ya milimita 8 kila nusu mita, na kila palipochomelewa pasuguliwe na kupakwa rangi ya zinki kabla ya rangi nyingine, kwa kuwa moto wa kuchomelea huunguza zinki ya kiwandani. Bawaba ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu.

Stima isivutwe kwa kamba ya upanuzi kutoka dirishani. Iwe kebo yake ya shaba ya milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi ya nyumba, ikipita ndani ya bomba sentimita 60 chini ya ardhi na safu ya matofali juu yake, ikaishie kwenye bodi ndogo ya stoo yenye kikata umeme cha miliampea 30 (RCD), kile kinachokata stima ikivuja. Hicho kikataji kinakata kabla moyo haujasimama, na mtu aliyelowa jasho akiwa na grainda sakafuni anakihitaji kuliko mtu wa sebuleni. Soketi ziwe mita 1.2 kutoka sakafuni. Taa mbili za LED za mita 1.2 zenye kifuniko cha IP65, yaani kisichopitisha vumbi wala maji, zinatosha banda, moja juu ya meza. Fimbo ya ardhi katika mchanga mkavu na tumbawe mara nyingi haishiki vizuri, hivyo ipimwe kwa mashine. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, umwambie akuonyeshe.

Meza ya kazi iwe kimo cha kifundo cha mkono wako ukisimama, kwa wengi ni sentimita 90, na ubao wa unene wa sentimita 5. Mwarobaini unafaa na mchwa huuogopa. Vyombo vya chuma vipanguswe kwa kitambaa chenye oili nyepesi kabla ya kurudishwa kwenye sanduku lenye kifuniko. Petroli ya akiba isikae stoo. Rangi ya epoksi sakafuni ni nzuri, ila ijaribu kwanza: bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande kwa tepu, kikae usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake, slabu bado inatoa maji na rangi itabanduka. Injini usiiwashe kwa kusikiliza huku milango imefungwa, hata kukiwa na matundu. Gesi yake inayoua, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Lisukume gari nje kwanza.

Nayo kutu uliyonayo haitangoja gereji. Chini ya kila mlango wa gari kuna vitundu vya kutolea maji, na vya Probox yako karibu hakika vimezibwa na vumbi na nta. Vizibue leo kwa njiti ya chelewa, utaona maji meusi yanadondoka. Kisha kila wiki mwagia chini ya bodi na ndani ya matao maji ya tangi la mvua, liache gari likauke kivulini penye upepo. Kuosha kwa maji ya kisima ni kulipaka chumvi upya. Pale kutu iliposhafanya tundu, lipeleke kwa fundi wa bodi. Rangi ya juu juu haitaizuia.

Kabla ya yote, kibali. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inataka ujenzi uidhinishwe na kaunti, na gereji ya uani haijasamehewa. Mchoraji aliyesajiliwa atakuandalia ramani, na yeye atajua umbali unaotakiwa kutoka mpakani. Mkiwa hamna hakika na bikoni za mpaka, leteni msoroveya kabla jirani hajaleta wakili. Ukikuta waya wa stima unapita juu ya uwanja, usijenge chini yake.

Na kuhusu masika: ramani na kibali vitakula wiki kadhaa, hivyo anza navyo sasa mvua ziendelee kunyesha. Mtaro wa msingi katika mchanga uliolowa hubomoka pande zake, kwa hiyo uchimbwe mvua kubwa za Mei zikishapita. Kisha fuata mpangilio huu ambao fundi wako ataupinga kidogo: msingi, kuta, mkanda, paa, halafu slabu mwisho, chini ya kivuli cha bati. Atalalamika kwamba kumwaga zege ndani ya kuta kuna tabu, na ni kweli. Lakini zege itakauka taratibu bila jua wala mvua ya ghafla, na tangi litakuwa limeshaanza kukukingia maji matamu ya kuilowesha. Siku ya kumwaga msingi, mhandisi aingie mtaroni aukanyage kwa miguu yake kabla zege haijaagizwa. Akisema chimbeni futi moja zaidi, chimbeni.